Kioo cha Mbele

Jiwe lenyewe halikuwa kubwa. Lilirushwa na tairi la lori la kokoto lililokuwa mbele yangu katika Barabara ya Morogoro, likagonga kioo cha gari langu upande wa abiria na kuacha doa dogo kama punje ya mtama. Nilijiambia kwamba hilo si neno. Siku ya tatu, baada ya gari kuanikwa juani mchana kutwa na kunyeshewa mvua jioni, lile doa lilikuwa limeota mguu. Mguu ukawa mstari, na mstari ukatambaa taratibu kuelekea upande wangu kama siafu wanaohama. Siku ya nne askari wa usalama barabarani alinisimamisha. Aliutazama ufa, akanitazama na mimi, kisha akasema kwa upole: "Mzee, hicho kioo kibadilishe. Leo sikuandikii."

Basi nikateremka mjini. Gari nililiacha karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, nikavuka Mtaa wa Lumumba kwa miguu, nikaingia Kariakoo na kushuka hadi upande wa Gerezani kwa wauza spea. Kijana wa duka la kwanza aliniamkia, akaniuliza aina ya gari na mwaka wake, halafu akauliza swali lililonifanya niandike kurasa hizi:

"Mzee wangu, unataka orijino, kopi au mtumba?"

Ndugu msomaji, huenda swali hilo kwako ni la kawaida kama kuulizwa chai ya maziwa au ya rangi. Kwangu mimi halikuwa hivyo. Nilisimama pale mlangoni nikiwa kimya mpaka yule kijana akadhani sikumsikia. Nilikuwa nimekumbuka siku nyingine, katika mtaa ule ule, tulipokuja kutafuta kioo na hakuna mtu aliyetuuliza swali kama hilo, kwa sababu hapakuwa na cha kuchagua. Miaka zaidi ya arobaini imepita. Kwa hiyo naomba uniruhusu nianze mbali kidogo.

Mnazi Mmoja si kiwanja tu cha kupumzikia. Kwa miaka mingi kilikuwa mpaka. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916, waliwaweka wapagazi wa jeshi lao nje kidogo ya mji. Kikosi hicho cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na midomo ya watu wa Pwani ikalifinyanga jina hilo likawa Kariakoo. Baadaye mji uligawanywa kwa kanuni za ujenzi: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati penye maduka, na Uswahilini huku Kariakoo. Kati ya Uhindini na Uswahilini liliachwa eneo wazi lisilo na nyumba. Hilo ndilo Mnazi Mmoja. Aliyetaka kujua mtu ni wa tabaka gani alitazama jioni anavuka kiwanja kile kwenda upande gani.

Magari nayo yalikuwa na upande wake. Kwa sehemu kubwa wenye magari walilala mashariki ya kiwanja, na walioyaosha, kuyasukuma na kulala chini ya matumbo yake wakiyafungua nati walilala magharibi. Hata hivyo ni katika upande huo wa magharibi, katika Mtaa wa New Street ambao sasa ni Lumumba, ndiko TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Baada ya Uhuru mpaka ule ulifutika polepole, na Mnara wa Mwenge ukasimama pale pale palipokuwa na utengano. Mwaka 1975 lilifunguliwa lile jengo kubwa la Soko la Kariakoo lililobuniwa na msanifu wetu, Beda Amuli, lenye mapaa kama miavuli iliyogeuzwa juu chini. Moto uliliunguza mwezi Julai 2021, lakini sisi tuliolizoea tangu zamani bado tunaonyeshana njia kwa kulitaja.

Ufundi wa magari ulijikusanya Gerezani, jirani na reli na nyumba za wafanyakazi wake. Uani kwa watu, chini ya miembe na mabati, walikuwapo wanyoosha bodi, wachomeleaji, mafundi wa umeme, washona viti, na wachache waliojua vioo. Fundi wa vioo hakuwa na duka. Mali yake ilikuwa kisu cha kukatia kioo, kipande cha kamba, sabuni ya kulainishia mpira, na vidole vilivyojaa makovu.

Ili ueleweke ufundi wao, inafaa tuseme machache juu ya kioo chenyewe. Magari ya kwanza duniani hayakuwa na kioo cha mbele. Kilipowekwa kilikuwa kioo cha kawaida, kama cha dirisha la nyumba, na mtu aliyepata ajali aliumizwa na gari mara moja na kioo mara ya pili. Inasimuliwa kwamba mwaka 1903 Mfaransa Édouard Bénédictus, aliyekuwa msanii na pia mkemia, aliangusha chupa katika maabara yake. Chupa ilipasuka lakini vipande vyake havikutawanyika, kwa kuwa ndani yake dawa fulani ilikuwa imekauka na kuacha utando. Kutokana na ajali hiyo ya chupa yalipatikana mawazo ya kioo cha tabaka, yaani vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja na utando katikati. Hati yake ya uvumbuzi aliipata 1909. Utando wa mwanzo ulikuwa na kasoro moja, ulikuwa ukigeuka manjano juani. Katika miaka ya 1930 ulipatikana plastiki bora zaidi, unaonyumbulika na kubaki mweupe, na aina hiyo ndiyo itumikayo hadi leo. Unene wake haufiki milimeta moja. Kichwa kikigonga kioo cha namna hii, kioo hupasuka, lakini vipande hubaki vimeshikamana kwenye utando, na mtu hatoki nje.

Ipo aina ya pili. Kioo kinatiwa moto mkali, kisha kinapulizwa upepo wa baridi ghafla. Kioo hicho huwa kigumu sana, na siku kikivunjika hakitoi vipande virefu vyenye makali bali humwagika kama chumvi ya mawe. Mafundi wetu huita aina ya kwanza laminetedi na ya pili temperedi. Leo vioo vya pembeni na nyuma kwa kawaida ni temperedi, na cha mbele ni laminetedi. Lakini magari mengi tuliyokuwa nayo miaka ya 1960 na 1970 yalikuwa na temperedi hata mbele. Ndiyo maana wazee wa rika langu hawakumbuki nyufa. Tunakumbuka mlio mmoja, kisha kioo kizima kuwa cheupe kama ukungu, dereva akikipiga ngumi ili apate tundu la kuchungulia, na safari iliyobaki ikiendeshwa upepo na vumbi vikiingia mdomoni.

Sasa nirudi kwetu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Spea zilizokuwa zikitoka Nairobi zikakatika. Ikafuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta duniani ikapanda tena. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na zilipopatikana zilikuwa na mahitaji mengi ya kutangulia: mafuta, dawa, chakula. Kioo cha gari la mtu binafsi kilikuwa mwisho wa foleni. Hata mabasi ya UDA, lile shirika lililoanzishwa 1974, yalilala karakana kwa kukosa vipuri, na abiria tukaning'inia milangoni kwa yale machache yaliyobaki.

Kaka yangu mkubwa alikuwa dereva wa Land Rover, ile yenye chesi ndefu, mali ya mfanyabiashara mmoja wa mazao. Alikuwa akibeba mizigo na watu kati ya Kariakoo na mashamba ya njia ya Morogoro. Mwaka 1982 kioo chake cha mbele, upande wa dereva, kilivunjwa na jiwe. Mwenye gari alisema hana la kufanya. Tulizunguka wiki mbili. Tulipokwenda kuuliza madukani tulijibiwa kwa neno moja ambalo kizazi kile hakitalisahau: "Hakuna."

Msomaji aliyewahi kuiona Land Rover ya zamani atakumbuka kwamba kioo chake cha mbele kilikuwa vipande viwili, na vyote viwili vilikuwa bapa kama meza. Hapo palikuwa na bahati, au tuliidhania bahati. Wenye magari madogo ya vioo vilivyopinda hawakuwa na njia, maana huwezi kukunja kioo kwa mikono. Wao waliweka plastiki, au waliendesha hivyo hivyo na miwani ya jua. Lakini Land Rover ungeweza kuikatia kioo chochote kilicho bapa. Na kioo bapa nilijua kilipo.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi moja iliyokuwa ikikarabatiwa. Vilibaki vioo vya madirisha, na msimamizi aliniuzia kimoja kwa bei ya urafiki. Nilikifunga kwa gunia na kamba, nikakibeba juu ya baiskeli kutoka Ilala hadi Gerezani nikikokota taratibu nisije nikakivunja. Nilijiona shujaa. Fundi alikigeuza geuza, akakigonga kwa ukucha, akasema: "Hiki ni cha dirisha, bwana mdogo." Nikamjibu kwamba kioo ni kioo. Hakubishana nami. Alipima, akakata, akapaka sabuni kwenye mpira, na kabla ya adhuhuri Land Rover ilikuwa na sura mpya. Kaka alinipigia saluti.

Miezi minne baadaye, usiku, maeneo ya Kiluvya, Kaka aliligonga kwa nyuma lori lililoharibika barabarani. Halikuwa na taa, na matawi ya majani waliyoweka kama alama yalikuwa yamesagwa na magari yaliyotangulia. Hakuwa katika mwendo mkubwa. Abiria aliyekaa kushoto kwake, aliyekuwa na kioo kilichokuja na gari, alitoka na uvimbe wa paji la uso. Kaka alipoteza jicho la kulia. Kioo cha dirisha hakimwagiki kama chumvi, wala hakina utando wa kushika vipande vyake. Kinavunjika kuwa visu.

Yule fundi alikuja hospitali siku ya pili, akakaa kwenye benchi nasi bila kusema neno, akaacha mfuko wa machungwa. Sikuwahi kumlaumu, na sitaki msomaji amlaumu. Alikuwa amekwisha kusema lile alilopaswa kusema. Mimi ndiye niliyejibu kwamba kioo ni kioo.

Hali ilibadilika muda si mrefu baada ya hapo. Mwaka 1983 ilipita ile operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi, na watu walificha hata walivyovinunua kwa halali. Mwaka huo huo mpaka na Kenya ukafunguliwa, na magari madogo ya abiria ya watu binafsi yakaruhusiwa, yakaitwa daladala kwa nauli yake ya shilingi tano. Katika bajeti ya 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje. Halafu mwaka 1985 akaja Rais Ali Hassan Mwinyi, na neno "ruksa" likaingia katika kila kinywa. Kariakoo ikaamka. Zikaingia spea za Dubai, kisha magari yaliyokwisha kutumika kutoka Japani, nchi inayoendesha kushoto kama sisi. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 neno "hakuna" lilikuwa limekwisha kufa. Mahali pake pakazaliwa shaka. Zamani tulihofia kukosa, sasa tukahofia kudanganywa. "Orijino" na "feki" ni maneno ya enzi hiyo. Mtu hahitaji neno la kutofautisha vitu viwili wakati hana hata kimoja.

Wizi nao ulikuja na wingi. Vioo vya pembeni na taa vikawa vinanyofolewa usiku na asubuhi vinaonekana vimepangwa mezani. Ndipo wenye magari walipoanza kuandika namba za gari kwenye kila kioo na kila taa. Tazama gari lolote la Dar es Salaam utaziona namba hizo zilizochongwa. Huwa naziona kama chale: alama za ugonjwa uliopita, na dawa ya kuuzuia usirudi.

Basi siku ile nilimwambia kijana wa dukani nitarudi kesho, na kesho yake nilirudi na Kaka. Sasa ana miaka zaidi ya sabini. Baada ya ajali hakuendesha tena. Alijifunza biashara ya spea kwa kukaa na wenzake Gerezani, na kwa miaka ishirini aliuza vioo. Ndiyo, ndugu msomaji, vioo. Watu wengi hudhani alifanya hivyo kwa uchungu. Sikuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kuniuliza kuhusu ile baiskeli.

Kijana alitupangia vitatu. Kaka hakuuliza bei. Alivuta kiti, akainama hadi jicho lake moja likawa shubiri moja tu kutoka kwenye pembe ya chini ya kila kioo, mahali palipo na mhuri mdogo ambao wengi wetu hatuusomi.

"Soma hapa," aliniambia. Nami nikasoma, na haya ndiyo niliyofundishwa.

Kwanza, kampuni ya magari haitengenezi kioo. Toyota hununua kioo kwa watengenezaji wa vioo wa Japani kama vile Asahi, wanaopiga neno Lamisafe kwenye vioo vyao vya tabaka, au Nippon Sheet Glass, kampuni iliyoinunua Pilkington ya Uingereza mwaka 2006. Hao Pilkington ndio waliotangaza mwaka 1959 namna ya kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka kikatoka laini bila kusuguliwa, na karibu kioo bapa chote cha dunia sasa kinatengenezwa hivyo. Kwa hiyo orijino maana yake ni kioo kilichotengenezwa kwa agizo la kampuni ya gari na kupigwa chapa yake.

Pili, kopi si lazima iwe feki. Kopi ni kioo cha kiwanda kingine kilichofuata vipimo vya gari lako na kupigwa jina la kiwanda hicho bila kujificha. Vipo viwanda vikubwa vya namna hiyo, na Fuyao ya China, iliyoanzishwa 1987, inauza kwa maduka na pia inayauzia makampuni ya magari yenyewe. Feki ni ile inayovaa jina lisilo lake. Hiyo ni kosa mbele ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na ndiyo inayofukuzwa na Tume ya Ushindani.

Tatu, tafuta herufi E ndani ya duara ikiwa na namba. Hiyo ni alama ya kanuni ya 43 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya magari. Namba inataja nchi iliyokipitisha kioo hicho: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 11 ni Uingereza, 43 ni Japani. Haisemi kioo kilitengenezwa wapi. Kioo cha China chaweza kupitishwa Ulaya, na hilo si udanganyifu. Alama ya Kirumi ya mbili, yaani vijiti viwili, inaonyesha kwamba ni kioo cha tabaka. Kioo cha mbele kisicho na mhuri wowote, alisema Kaka, usikiulize hata bei.

Nne, macho. Aliniambia nikisimamishe kioo, nisimame mbali, nitazame nguzo ya umeme kupitia kwacho huku nikikisogeza kushoto na kulia. Nguzo ikicheza kama iko majini, kioo hicho kitakuchosha usiku wakati wa taa za magari.

Tukavipima vyote. Orijino mpya ilikuwa safi, lakini bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya kopi. Mtumba, kilichong'olewa kwenye gari lililokatwa Japani, kilikuwa na mhuri wa Asahi na bei nzuri. Kaka alikizungusha kidole pembeni polepole, akasimama mahali fulani, akanishikisha. Palikuwa na pengo dogo kama la jino la mtoto. "Kioo cha gundi hakitoki salama," alisema. "Wanakikata kwa waya, na waya ukigusa ukingo unaacha kovu. Ufa wa kesho unaanzia hapa." Kopi ilikuwa na mhuri uliokamilika, jina la kiwanda chake mwenyewe, na nguzo ya umeme ilisimama wima.

Nilikuwa nimeshika pochi tayari kulipa orijino. Niseme ukweli, haikuwa hesabu ya akili. Nilikuwa nikilipa deni la mwaka 1982, na nilitaka liwe ghali. Kaka alinitazama.

"Bwana mdogo, unanunua kioo au unanunua usingizi?"

Sikuwa na jibu.

"Chukua hiki cha kati. Gari lako halina kamera kiooni. Lingekuwa la siku hizi, lenye kamera inayosoma barabara, ningekwambia chukua cha kampuni na utafute mtu wa kuipima kamera upya. La kwako ni la 2003. Pesa iliyobaki inunulie gundi."

Hapo ndipo nilipojifunza la mwisho. Kioo cha Land Rover kilishikwa na mpira na fremu tu. Cha magari ya sasa kinagandishwa kwenye bodi, nacho ni sehemu ya nguvu ya gari: husaidia paa lisibonyee gari likipinduka, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hufumuka kwa kukiegemea. Kioo orijino kilichobandikwa kwa silikoni ya kuzibia mabomba kitaruka siku ya shida kama kifuniko cha sufuria. Gundi yake halisi ni ya poliurethani, haitaki vumbi wala kutu, na inataka muda wa kukauka, nyingine saa chache, nyingine siku nzima, kama ilivyoandikwa kwenye mrija wake. Mafundi wetu wanajua hayo. Wanaoharibu ni sisi wateja tunaosema, "Harakisha, nina safari."

Fundi kijana alipoanza kung'oa kioo cha zamani aliuliza kuhusu stika. Zilikuwa pale zote: ya bima, za Nenda kwa Usalama za miaka mbalimbali, na ile ya leseni ya gari ya mwaka wa mwisho kabla ada hiyo haijafutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta. Nilimwambia aziache ziende na kioo. Kilipotoka nilikitazama kikilala juu ya gunia, kimepasuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hakuna kipande hata kimoja kilichoanguka. Kaka alikigusa kwa ncha ya kiatu.

"Kimefanya kazi yake," alisema.

Nikaona wakati ni huo. Nikamwambia kwamba kile kioo cha dirisha, cha mwaka ule, fundi alinionya. Nikamwambia nilivyojibu. Nilikuwa sijawahi kulisema kwa mtu, hata mke wangu.

Kaka alikaa kimya kwa muda. Msukuma mkokoteni alipita akipiga kelele tumpishe, tukampisha. Kisha akasema: "Aliniambia na mimi." Nikamtazama. "Fundi. Siku ile ile, ulipokwenda kununua maji. Aliniambia ni cha dirisha. Nikamwambia afunge, nina mzigo wa nyanya unaooza."

Hatukuongeza neno. Miaka zaidi ya arobaini kila mmoja alikuwa amebeba peke yake mzigo uliokuwa wa watu wawili. Nami nathubutu kusema ulikuwa wa wengi zaidi: wa mwenye gari, wa lori lisilo na taa, wa nchi iliyokuwa haina kioo. Lakini wakubwa hao hawaji kukaa kwenye benchi la hospitali na mfuko wa machungwa. Benchini tulikaa sisi.

Mwaka 2023 kilizinduliwa kiwanda cha kioo bapa huko Mkuranga, mkoani Pwani, kwa ajili ya vioo vya majengo. Nilifurahi niliposikia. Huenda siku moja kioo cha mbele nacho kitatengenezwa hapa nchini, na kijana wa Gerezani atakuwa na swali la nne la kumuuliza mteja. Nawaombea wasomaji wangu jambo moja tu. Siku fundi atakapogonga kitu kwa ukucha na kukwambia kwamba hiki sicho, usimjibu upesi. Muulize kwa nini. Majibu ya mafundi wetu ni mafupi kwa sababu wamezoea kutosikilizwa.

Gari lilibaki kwa fundi usiku ule, gundi ikauke. Mimi na Kaka tulirudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Alitembea kushoto kwangu, niwe upande wa jicho lisiloona, kama tulivyozoea tangu 1982.